Nani aliyeanzisha misheni ya Buganda: Wazungu au Dallington Maftaa?

Mkaaji wa Mengo: Tukisimulia mwanzo wa misheni katika Buganda huanzia tarehe 30 Juni 1877, siku ambayo Shergold Smith na Wilson wa Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana, walifika kwa Kabaka (mfalme) Mutesa. Lakini mpelelezi Stanley, aliyepita hapa mwaka 1875, alikuwa amemwacha lubirini, yaani ikulu ya Kabaka, kijana Dallington Maftaa, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa na wamisionari wa Unguja, ambaye alimsomea Kabaka Biblia na kumwandikia barua, ikiwemo ile ya kuwakaribisha wageni hao. Kwangu mimi, mwanzilishi ni yeye. Wenzangu mnaonaje?

Mtoto wa Namirembe: Ndugu, karani si mwanzilishi. Misheni ni mafundisho na ubatizo, na hayo yaliletwa na Mackay, mmisionari wa shirika hilo hilo, mwaka 1877, ilhali Maftaa hatusikii kwamba alibatiza mtu. Isitoshe, alitegemea Kiswahili, lugha ambayo sisi tuliizoea midomoni mwa askari wa vizuizi vya barabarani. Nani angeongoka kwa lugha hiyo?

Binti Bombo: Marehemu baba yangu alikuwa askari, na kwa Kiswahili hicho alitulea, kwa hiyo naomba tuheshimiane. Mwaka 1877 Mackay unayemtaja alikuwa upande wa pwani, akifungua barabara ya Mpwapwa baada ya kuugua. Buganda alifika Novemba 1878. Alipofika alifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa Mutesa na watu wa lubiri walikwisha kukijua kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, na Biblia nzima ya Luganda haikupatikana hadi mwaka 1896.

Mtoto wa Namirembe: Pole kwa kuguswa, dada, lakini hata Tucker, askofu wetu wa Kianglikana, alikikataa Kiswahili, akikiona kiko karibu mno na Uislamu.

Mzee wa Kibuli: Karibu na Uislamu, kana kwamba ni ndui! Ahmed bin Ibrahim alikuwa lubirini tangu mwaka 1844, na Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani miaka mingi kabla ya kuona kasisi. Mwaka 1876 aliwaua vijana Waislamu waliokataa kumtanguliza yeye mbele ya dini yao, kisha akawapokea wamisionari akitumaini bunduki za kuwazuia Wamisri waliokuwa wakisogea kutoka kaskazini. Mnagombea nani alifungua mlango, na mwenye nyumba hamumtaji.

Msomaji wa Rubaga: Mzee, shikamoo. Mimi nataka tu kipimo cha ndugu wa Namirembe kitumike kwa haki. Wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa, Padre Lourdel, yaani Mapera wetu, na Bruda Amans, walitua Kigungu tarehe 17 Februari 1879, na wakabatiza mwaka 1880, miaka miwili kabla ya Waanglikana. Ikiwa mwanzilishi ni mbatizaji, basi hongera kwetu.

Mtoto wa Namirembe: Mapera huyo huyo aliyefunga virago mwaka 1882 pamoja na wenzake, wakahamia kusini mwa ziwa?

Msomaji wa Rubaga: Walihama, na wakristo wakazidi kuongezeka bila padre hata mmoja, wakifundishana wenyewe chini ya Joseph Mukasa Balikuddembe, Mganda mtumishi wa lubiri, hadi mapadre waliporudi mwaka 1885. Hapo utaniambia mwanzilishi alikuwa Mfaransa yupi.

Mkaaji wa Mengo: Basi hata kwenu kazi ilishikwa na mtu asiyekuwa padre. Maftaa nimemtaja kwa sababu hiyo hiyo.

Binti Bombo: Naam, na ndugu wa Namirembe bado hajaniambia Mackay angefundisha kwa lugha gani nyingine mwaka 1878.