Maporomoko ya maji India mwezi wa saba: niende au nisubiri?

MamaNdizi_Uru
Wadau habari za jioni. Mdogo wangu anasoma Bangalore, kanitumia nauli (miujiza ipo) niende kumsalimia mwezi wa saba, wiki mbili. Sasa mimi kazi yangu ni kupandisha wageni maporomoko ya Materuni, hapa Uru Moshi, maporomoko nimeyaona mpaka nayaota, ila sitaki kufika India nikae chumbani naangalia ukuta, nataka nikaone na ya wenzetu. Shida kila ninayemwambia ananijibu mwezi wa saba ndo mvua zao, utaloa tu na hutaona kitu. Na mi najua Materuni ya mwezi wa nne ilivyo, mgeni anateleza unamdaka, anateleza unamdaka. Waliofika huko, nisubiri mwezi wa kumi na mbili au niende hivyo hivyo? Gari sina, na hela ni za kuhesabu.

Zamani_Mysore
Dada nenda, usisubiri. Nilisoma kule na kosa lako ndo nililifanya mimi, nilisubiri jua. Nikaenda Jog mwezi wa nne, maporomoko ya mita 253, tena yanasifiwa balaa, nafika nakuta jabali jeusi limeninginia nyuzi mbili za maji kama bomba la mtaani kwetu siku ya mgao. Kumbe juu yake kuna bwawa la Linganamakki, mto Sharavathi unabanwa pale kwa ajili ya umeme, kwahiyo kiangazi kinachobaki ni aibu tu.

Nikarudi mwezi wa nane. Aisee. Maji yanashuka kwa mikondo minne na kila mmoja una jina lake, Raja, Rani, Rocket na Roarer, yaani mfalme, malkia, roketi na mngurumaji, na huyo mngurumaji utamsikia kabla hujashuka kwenye basi. Ila sasa sikia, waliokuambia hutaona kitu hawajakudanganya sana. Nilisimama pale karibu masaa mawili na mahindi yangu ya kuchoma ya ndimu na pilipili, mbele ni ukungu mweupe pee, kishindo unakisikia kifuani lakini maji huyaoni. Watu wakaanza kuondoka. Mara upepo ukafunua kama mtu kavuta pazia, dakika tano hivi, yote manne yapo mbele yangu mekundu ya tope, kisha likafungwa tena. Hizo dakika tano mpaka leo sijazisahau na picha hata moja sina, nilisahau kabisa kama nina simu.

Kwahiyo usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Kutoka Bangalore kuna treni ya usiku mpaka Talguppa, unashuka asubuhi, Jog iko kama kilomita 15 tu. Lala pale usiku mmoja, ukungu ukikunyima jioni unajaribu tena asubuhi.

Kibosho_Boy
Yaani Mchaga unakata tiketi ya ndege kwenda kutazama maji yanaanguka 😂 si uvuke tu Marangu ukaone Kinukamori na Kilasiya, chenji inabaki

MamaNdizi_Uru
@Kibosho_Boy nauli ya mdogo wangu inakuuma wewe?

Mzee_wa_Jahazi
Wanangu hamjambo. Mimi kwetu Tanga, Moshi nimehamia uzeeni. Mvua hiyo mnayoiita ya Wahindi inaanzia huku kwetu. Ni kusi. Upepo ule ule uliokuwa unapeleka majahazi ya babu zetu Bara Hindi, na kaskazi ndiyo ikiyarudisha. Kusi ukishavuka ikweta unapinda kuelekea kaskazini mashariki, unapita juu ya bahari yenye joto unabeba maji, kisha unakutana na safu ya milima iliyosimama pwani yote ya magharibi ya India. Kufika Kerala, kusini kabisa mwa India, huwa ni mwanzoni mwa mwezi wa sita, na unakaa mpaka mwezi wa tisa.

Mlima unafanya kazi ile ile ya Kilimanjaro. Huku Uru na Marangu mvua inatumwagikia, nenda Rongai nyuma ya mlima uone palivyo pakavu. Bangalore iko nyuma ya hiyo milima, kwahiyo mjini utapata manyunyu tu na kijibaridi. Mvua ya kukuogopesha iko upande wa baharini, na maporomoko yapo huko huko.

MamaNdizi_Uru
Shikamoo mzee, ahsante sana, hapo nimeelewa kuliko utabiri wa hali ya hewa. Na lile ambalo treni inakatiza mbele yake? Nimeliona kwenye video mpaka nikaota

Binti_Njiro
Hilo ni Dudhsagar, maana yake bahari ya maziwa, mpakani mwa majimbo ya Goa na Karnataka, mita kama 310. Zuri hatari ila mwezi wa saba hulipati kwa miguu dada. Jeep za kutokea Kulem, upande wa Goa, zinasimamishwa mvua zikianza, zinarudi mwezi wa kumi. Na usifuate ile akili ya vijana kutembea kwenye reli, polisi wa reli wanawarudisha na faini juu. Panda treni ya Goa inayopita mchana, kaa dirishani, unaliona kwa sekunde chache. Mi nilikuwa upande usio wenyewe, nikaona migongo ya watu.

Kama siku ni chache nenda Shivanasamudra, kama kilomita 130 kutoka Bangalore, mto Kaveri unagawanyika pale, upande mmoja Gaganachukki mwingine Bharachukki. Umeme walianza kuzalisha hapo 1902 kupeleka kwenye migodi ya dhahabu ya Kolar. Mabasi yapo ila utaunga unga.

Zamani_Mysore
Naongezea, usiingie kuoga popote hata ukiona wenyeji wameingia. Mvua ikinyesha mbali huko juu au bwawa likifunguliwa, maji yanapanda wakati wewe bado unajipiga selfi. Alafu miruba. Porini kule imejaa, inakupanda kwenye soksi hata hujui, unakuja kuona damu. Vaa soksi ndefu, paka chumvi.

Kibosho_Boy
Miruba tena. Basi mi nabaki na Kilasiya yangu

MamaNdizi_Uru
Nimeamua, treni ya Talguppa, nalala Jog usiku mmoja, nikibaki na nguvu Shivanasamudra. Dudhsagar namwachia mwenye bahati ya dirisha. Hiyo chumvi nibebe au ipo?

Zamani_Mysore
Chumvi India? 😂 Ipo dada. Wewe mbebee mdogo wako kahawa ya Uru

MamaNdizi_Uru
Alishaagiza kilo mbili, ya kukaangwa nyumbani. Nikasema hii nauli siyo bure.