Mjadala: Je, ni sawa Canon kuwafungia watengenezaji wengine maunti ya RF?

Wadau wa upigaji picha, naomba tuijadili hoja hii kwa utulivu, maana inagusa mfuko wa kila anayeishi kwa kamera. Septemba 2018 Canon ilitangaza EOS R, kamera yake ya kwanza ya sensa kubwa (kipande kinachonasa picha) isiyo na kioo cha ndani cha kuakisi mwanga, na pamoja nayo ikaleta RF, maunti mpya ambayo ndiyo sehemu ya kamera inayoshika lenzi. Mwaka 2022 Viltrox ya China, iliyokuwa ikiuza lenzi za RF zinazofokasi zenyewe, ilitakiwa kuacha, na Canon ikaeleza kuwa bidhaa hizo zilikiuka hataza na haki zake za usanifu. Aprili 2024 Sigma na Tamron, kampuni za Japani za lenzi, zilitangaza lenzi za RF zenye leseni, lakini ruhusa hiyo ilihusu kamera za sensa ndogo ya APS-C, si zile za sensa kubwa ambazo wengi wetu tunafanyia kazi.

Wanaoitetea Canon wana hoja nzito. Soko limesinyaa vibaya: kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa Japani, kamera za dijitali zilizosafirishwa mwaka 2010 zilizidi milioni 120, na mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Katika hali hiyo, kampuni iliyogharamia utafiti ina kila sababu ya kulinda lenzi, ambazo mteja huendelea kuzinunua miaka mingi baada ya kununua kamera. Isitoshe, Canon imekuwa ikitangaza kila mwaka kwamba inaongoza soko la kamera za kubadilisha lenzi tangu 2003, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema mkakati wake umeiangusha.

Hata hivyo, naona uongozi huo ulijengwa enzi za EF, maunti ya Canon iliyoanza 1987, ambayo Sigma, Tamron na Tokina ziliitengenezea lenzi kwa miongo kadhaa. Kijana aliyeanza na kamera ya bei nafuu alipata lenzi ya kumtosha, akabaki kwenye mfumo, na kipato kilipopanda akanunua lenzi ya Canon yenyewe.

Chukueni mpiga picha wa harusi ukumbini usiku, taa hafifu, maharusi wakiingia na watu wakicheza. Anahitaji lenzi moja ya kuvuta, ya kuanzia milimita 24 au 28 hadi 70 hivi, yenye f/2.8, yaani uwazi mpana unaoingiza mwanga mwingi, mwanzo hadi mwisho. RF 24-70 ilitoka mwaka 2019 kwa takriban dola 2,300 za Marekani, ilhali mwenye Sony alikuwa na 28-75 ya Tamron tangu 2018 kwa takriban dola 800. Tofauti hiyo inatosha kununua lenzi ya pili na flashi. Najua ipo adapta ya kufungia lenzi za EF kwenye RF, nazo hufanya kazi vizuri sana, lakini huko ni kuishi kwa akiba ya zamani, kwa kuwa miundo mipya ya Sigma na Tamron hutengenezwa kwa kamera zisizo na kioo.

Sony yenyewe haikufungua kila kitu. Mwaka 2011 ilitoa maelezo ya msingi ya maunti yake ya E kwa watengenezaji wengine bila malipo, lakini kwenye kamera yake ya α1 ya mwaka 2021 lenzi ya Sony inaweza kufikia picha 30 kwa sekunde huku za wengine zikiishia 15. Naona hiyo ni haki kwa pande zote mbili: anayetaka kasi kamili analipia, na anayetaka kazi iende ana pa kuanzia.

Mwaka 2024 Canon ilitoa RF 28-70 f/2.8 kwa takriban dola 1,100. Wanaotetea kufungwa kwa maunti watueleze: je, wenye EOS R walistahili kungoja lenzi ya namna hiyo kwa miaka 6?