Kimo cha dirisha kutoka sakafuni: waliokwisha hamia tupeane uzoefu

Kenchi wa Goba: Wakuu, boma limefika kozi (mstari wa tofali) ya pili na kesho fundi anataka jibu. Yeye anasema madirisha yaanzie kozi ya nne nyumba nzima, eti ndivyo wanavyojenga. Mchora ramani kaandika sentimita 60 sebuleni, 90 vyumbani. Mke wangu anataka yashuke mpaka chini kabisa, kayaona hotelini. Mlioishi nayo semeni.

Mzee Kivule: Kwanza muulize fundi anahesabu kuanzia wapi. Kozi nne za tofali la kusimamisha ni kama mita moja, lakini ni kutoka juu ya msingi. Jamvi la zege la sakafu bado, marumaru bado. Siku ya kuhamia unakuta mita yako imebaki 85. Pima kutoka sakafu itakapoishia.

Nondo 12: Umemaliza mzee. Jikoni ndiyo balaa zaidi. Kaunta ni 85 hadi 90, na kwa kaka yangu Kinyerezi dirisha likaanzia chini ya kaunta. Ukipita nje unaona ubavu wa zege na ndoo ya unga. Jikoni weka 110, bomba la sinki lipate pa kusimama.

Fundi Mkwezi: Mnatulaumu mafundi bure. Tajiri anakuja site na simu mkononi, leo picha hii, kesho ile. Ramani yenyewe haina vipimo.

Nondo 12: Ramani inavyo. Mnaifungia vitumbua.

Mama Pacha: Mmenikumbusha mbali. Tulikuwa tunajenga huku tunakaa humo humo, Chanika, dirisha la chumbani kozi mbili tu, mume anataka upepo wa kusi umpige kitandani. Grili ipo. Usiku wakaja wa upondo, mti mrefu una ndoano mbele, wakapitisha kwenye grili taratibu wakavuta suruali yake msumarini. Mimi nimelala upande wa dirisha, ule mti umepita juu ya kifua changu, naambiwa hata sikugeuka! Asubuhi jirani kaiokota migombani. Hela hakuna, simu hakuna. Mfuko wa nyuma wamemwachia karatasi moja: risiti ya kodi ya chumba, Mbagala, jina lake, miezi sita.

Nondo 12: Eeeh!

Dada Tegeta: Chumba cha nani?

Kenchi wa Goba: Poleni dada. Ila hapo dirisha lilikuwa sentimita ngapi?

Dada Tegeta: Wewe kaka huna moyo. Mama Pacha, endelea.

Mzee Kivule: Turudi kwenye mada jamani. Upepo anaosema huyo mume ni kweli, joto la Februari hapa mjini dirisha la juu halikusaidii ukiwa umelala. Kitanda na godoro ni kama 60, kwa hiyo 75 mpaka 90 upepo unakufikia. Kitanda na nguo viwe mbali na ukuta huo.

Kandambili: Mimi nimeweka 120 kila mahali. Mwizi haoni ndani.

Dada Tegeta: Na wewe ukikaa kwenye kochi huoni nje. Mahabusu hiyo.

Kandambili: Nalala usingizi lakini.

Babu Ghorofa: Mwenye ghorofa asisikilize habari za 60. Mtoto anapanda kochi, kochi liko dirishani, kwisha habari. Juu weka 110, au ya chini yenye grili imara, na grili moja kila chumba iwe ya kufunguka kwa ndani. Moto ukitokea mtatokea wapi?

Fundi Mkwezi: Hilo la grili naunga mkono. Lenta, yaani mkanda wa zege juu ya dirisha, ibaki usawa mmoja na milango, 210. Cheza na chini tu.

Mama Pacha: Dada Tegeta, alisema ni stoo ya saruji. Nikaenda. Saruji ilikuwa imewekewa pazia la maua.

Dada Tegeta: 😂😂 Uwiii!

Kandambili: Na choo mnaanzia ngapi? Mimi nilipiga 150, jirani bado anaona nywele.