WANA WA BIBI MWANTUMU (PANGANI)

Shangazi Zena 07:12
Asalaam alaykum. Uandikishaji wa darasa la kwanza umeanza, Rukia anatimiza sita. Shule tatu: ya ufukweni, ya sokoni, ya ng'ambo ya mto, Bweni. Leo tuamue.

Shangazi Zena 07:58
Mmesoma watu 11. Kimya.

Hemedi 08:20
Shikamoo shangazi. Nimetazama matokeo ya darasa la saba ya Baraza la Mitihani (NECTA), wastani wa ng'ambo uko juu.

Mwalimu Shufaa 08:31
Hemedi, tazama na idadi ya watahiniwa. Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Wakiwa 20 tu, watoto watatu hodari wanaweza kuupandisha wastani. Kisha fungua matokeo ya darasa la nne ya miaka mitatu kabla. Kama walikuwa 40, uliza wengine wameishia wapi.

Salim 08:33
Rukia anapelekwa Bweni au bweni? 😂 Ninunue godoro?

Mama Nasra 08:34
🤣🤣 na ndoo na fagio

Hemedi 08:34
Na tranka!

Shangazi Zena 08:36
Salim, niache. Mwalimu endelea.

Mwalimu Shufaa 08:49
Nendeni siku ya kawaida saa moja na nusu asubuhi, si siku ya kikao. Ombeni daftari la hisabati la darasa la pili. Vema za kalamu nyekundu zifike wiki hii. Zikikatika katikati na kurasa za mbele ziko tupu, darasa limemzidi mwalimu. Kiwango ni watoto 45 kwa chumba. Choo ni tundu moja kwa wasichana 20, wavulana 25. Lililotiwa kufuli msilihesabu.
Kubwa kuliko yote, nani anafundisha la kwanza? Shule nyingi mwalimu hodari anawekwa la saba kwa ajili ya mtihani, wadogo wanaachiwa wa kujitolea. Mtoto asiposhika kusoma pale, masomo yote yanamlemea.

Mama Nasra 09:15
Na mchango wa uji?

Shangazi Zena 09:17
Ada hakuna, na michango ya lazima ilifutwa 2016. Uji ni makubaliano ya kikao cha wazazi, mtoto hafukuzwi.

Mama Nasra 09:18
Hata zile sare tuliambiwa makubaliano.

Shangazi Zena 09:18
Sare tulishazimaliza.

Mama Nasra 09:19
Mlizimaliza nyie. 28,000 yangu iko wapi?

Salim 09:20
🙈

Simu ya Bibi 13:05
Mimi Tatu, bibi ananiambia niandike. "Zena, mtoto wa miaka sita havushwi mto kila siku. Ng'ambo futeni. Na Mama Nasra arudishiwe chake."

Shangazi Zena 13:40
Sawa mama.

Shangazi Zena 16:02
Zimebaki ufukweni na sokoni. Jumatatu nani anafuatana na Mwalimu? Mjomba Kombo, tuma nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Hemedi 16:30
Mimi nitaangalia ratiba.

Mjomba Kombo 21:40
Ndo naingia. Huku Muheza ninayo kadi ya kliniki tu, imeandikwa Rukiya. Cheti anacho baba yake.

Mwalimu Shufaa 21:44
Jina lifuate cheti. Litakaloandikwa sasa ndilo litakalofika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kulibadili huko ni usumbufu.

Shangazi Zena 21:45
Baba Rukia, Rukia au Rukiya? Na zamu ya Jumatatu je?

Baba Rukia 22:10
Niko njiani naendesha. Kesho nitapiga.