Chuo cha jamii katika kaunti ya vijijini: je, Feather River kinamfaa kijana wa mjini?

Mlezi:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mpwa wangu, ambaye wazazi wake ni wakaazi wa Sacramento, anataka kujiunga na Chuo cha Feather River, chuo cha jamii (yaani chuo cha umma ambacho kwa kawaida hutoa masomo ya miaka miwili) kilichopo Quincy, Kaunti ya Plumas, kaskazini-mashariki mwa California. Kwa mujibu wa sensa ya 2020, kaunti nzima haifikishi watu 20,000, na Quincy, ingawa ndiyo makao makuu yake, haina hata halmashauri ya mji. Chuo cha namna hiyo huendeshwaje, na je, masomo yake yatamfikisha chuo kikuu?

Msitu wa Misonobari:
Ndugu Mlezi, wasiwasi wako una msingi, lakini chuo hicho si cha jana. Kilianzishwa mwaka 1968 chini ya wilaya ya vyuo ya Peralta, yaani chombo cha umma kinachoendesha vyuo vya jamii vya eneo fulani, yenye makao yake Oakland, mbali kabisa na milima hiyo, kikajitegemea mwaka 1988, na tangu hapo bodi yake huchaguliwa na wapiga kura wa huko huko.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Plumas ni msitu wa taifa, na kwa kuwa ardhi ya serikali kuu hailipiwi kodi ya majengo na viwanja, chuo hakiwezi kutegemea kaunti peke yake. Fedha za jimbo nazo hufuata kwa kiasi kikubwa idadi ya wanafunzi, na vijana wa kaunti hawatoshi kujaza madarasa. Ndiyo maana kina mabweni, jambo lisilo la kawaida kwa vyuo vya jamii vya California, na kina masomo ambayo kijana atasafiri kuyafuata. Wapo wanaototolesha na kulea samaki papo hapo chuoni, na wapo wanaosomea farasi: mwanafunzi hukabidhiwa farasi mchanga, humlisha, humzoesha hatamu na tandiko, kisha farasi huyo hupelekwa mnadani mbele ya wanunuzi halisi, ambao hawajali mwanafunzi alipata alama gani darasani. Sheria ya jimbo ya mwaka 2014 iliporuhusu vyuo vya jamii visivyozidi 15 kujaribu kutoa shahada ya kwanza, Feather River kilikuwa miongoni mwao, kwa fani ya farasi na ufugaji. Kwa maoni yangu, bila wanafunzi hao wanaotoka nje ya kaunti chuo kingekwishafungwa.

Mkaazi wa zamani:
Naafiki, ila Mlezi asifichwe upande wa pili. Moto wa msituni wa mwaka 2021, ulioitwa Dixie, uliteketeza karibu ekari 963,000 katika kaunti kadhaa, na tarehe 4 Agosti uliramba sehemu kubwa ya mji wa Greenville, uliomo humo humo Plumas. Kwa hiyo asiyepata nafasi bwenini asidhani atapata chumba cha kupanga kwa urahisi. Barabara ya 70, inayofika Quincy kupitia korongoni, hufungwa mara kwa mara kwa maporomoko ya mawe na matope, na theluji si ya mchezo. Kazi za baada ya masomo nazo ni chache: misitu, mbao, shule, hospitali, basi.

Mlezi:
Nawashukuru sana. Na gharama, pamoja na kuhamia chuo kikuu?

Msitu wa Misonobari:
Ada kwa mkaazi wa California ni dola 46 kwa uniti (kipimo cha uzito wa somo), sawa na vyuo vyote vya jamii vya jimbo hilo, hivyo uniti 60 za shahada ya miaka miwili ni dola 2,760, bila kuhesabu bweni, chakula na vitabu. Kuhusu kuhama, tovuti ya ASSIST huonyesha ni somo gani linakubaliwa na chuo kikuu gani cha umma cha California. Aonane na mshauri wa masomo kabla ya muhula wa kwanza kuanza, kwa sababu katika chuo kidogo somo fulani huenda likafundishwa mara moja tu kwa mwaka, na akilikosa atalisubiri mwaka mzima.