Familia ya Chumbageni, Tanga

Shangazi Rehema: Jamani, nimepata barua pepe inasema mzigo wangu umezuiliwa. Nilipe 38,500 kabla ya saa kumi la sivyo unarudishwa. Mwajuma kweli aliniahidi udi na madira kutoka Muscat. Nilipe?

Hamisi: Shikamoo shangazi. Usilipe, wala usibonyeze kitu humo.

Shangazi Rehema: Marahaba baba. Mbona ina nembo ya kampuni kabisa?

Hamisi: Nembo mtu yeyote anainakili. Gusa kishale kidogo chini ya jina la mtumaji, itafunguka anwani nzima. Baada ya @ pameandikwa nini?

Shangazi Rehema: Ngoja nivae miwani.

Shangazi Rehema: gmail.com. Mwanzoni ni herufi na tarakimu tu, hazisomeki.

Hamisi: Basi ni matapeli. Kampuni ya mizigo haikuandikii kwa anwani ya bure kama yangu na yako. Na hiyo "kabla ya saa kumi" ni ya kukuharakisha usipate muda wa kuuliza.

Mwajuma: Mama! Mzigo wenyewe sijautuma, uko hapa kitandani. Ni mpaka Alhamisi.

Shangazi Rehema: Alhamdulillahi. Nilishashika simu nilipe. Naifuta sasa hivi.

Hamisi: Usiifute, iripoti. Vidoti vitatu juu kulia, kisha Ripoti taka. Ukifuta tu, Gmail haijui kama ilikuwa mbaya. Ukiripoti inajifunza kuzizuia za namna hiyo. Itakaa kwenye Taka siku 30, halafu inafutika yenyewe.

Baba Mdogo: Mimi hubonyeza pale chini kwenye kujiondoa. Mbona zinazidi?

Hamisi: Baba mdogo, hapo ni kwa maduka uliyojiandikisha mwenyewe. Kwa tapeli, ukibonyeza unamjulisha kuwa anwani hiyo ina mtu anayesoma.

Zuhura: Ila humo kwenye Taka muwe mnachungulia. Barua yangu ya usaili iliangukia humo, nikaja kuiona usaili umepita siku 2. Nililia sana.

Hamisi: Pole dada. Kweli, ukikuta barua nzuri humo unachagua Si taka, irudi kwenye kikasha.

Baba Mdogo: Na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Hamisi: Hizo zipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba ya aliyekutumia.

Shangazi Rehema: Nimeripoti, imeondoka. Mwajuma, ukiutuma mzigo nipigie nisikie sauti yako.

Mwajuma: Sawa mama.