Naomba ushauri: ramani ya wakazi wenye asili ya Kiingereza, Utah County

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwa wanaojua takwimu za sensa.

Nachora ramani ya miji ya Utah County, wilaya moja ya jimbo la Utah, Marekani: Provo, Orem, Lehi, Alpine na mingineyo, nikionyesha sehemu ya wakazi wenye asili ya Kiingereza. Asili hiyo ina nguvu sana huko kwa sababu wamisionari wa Wamormoni (dhehebu lililoanzia Marekani) walifika Uingereza mwaka 1837, na maelfu ya waongofu wakahamia Utah. Ni historia ninayoipenda mno, ndiyo maana nataka ramani iwe ya kweli.

Nimekwama kwenye vyanzo. Utafiti wa American Community Survey, unaofanywa kila mwaka na ofisi ya sensa ya Marekani, hutumia sampuli na huhesabu asili mbili tu kwa kila mtu. Sensa ya 2020 ilimuuliza kila mtu, lakini asili ya Kiingereza iliandikwa chini ya swali la rangi. Kitaifa ilitoa watu milioni 46.6, idadi kubwa kuliko ya utafiti ule kwa mbali. Nimejaribu wastani wa miaka mitano wa utafiti huo, ila kwa mji mdogo kama Alpine kiasi cha kukosea kinatisha.

Maswali yangu: nichague chanzo kipi kwa kulinganisha miji? Na Provo, yenye wanafunzi wengi wa chuo kikuu waliotoka kwingine, niiwekee alama ya pekee au niiache kama ilivyo?

Natanguliza shukrani.